Kikopo Mfukoni

Mke wangu alinishtaki kwenye podikasti, na karakana nzima hakuna aliyecheka kunishinda.

Podikasti yenyewe nilimletea mimi. Daktari alikuwa ameniambia presha imepanda, nipunguze chumvi na uzito, akanipa kijitabu. Mimi na vijitabu tuliachana darasa la sita. Rafiki yangu, mpaka rangi wa karakana yetu ya samani, akanitafutia vipindi kwenye simu. Cha kwanza kilikuwa cha daktari anayeongea kama anasoma wosia. Kingine cha kufuga kuku. Kingine cha kuwasaidia watu kupata usingizi, nami nikiwa nimeshika msumeno.

Ndipo tukampata Mama Sufuria. Huyo anaongea habari za chakula kama jirani aliyeegemea dirisha lako. Anasoma barua za wasikilizaji, anawatania, halafu anakufundisha kupika maharage bila kuyaua. Kila alasiri, mashine zikizimwa tukabaki na msasa, tulimweka kwenye spika.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, "Msikilize huyu, ujifunze kunipikia."

"Nijifunze kukupikia," alisema. Hakuuliza, alirudia tu. Amenipikia miaka ishirini na mitatu.

Alimsikiliza. Miezi minne chumvi haikuonekana nyumbani, nikapungua kilo sita.

Jumatano moja Mama Sufuria akasoma barua: "Mume wangu anaingia nyumbani na spika za masikioni. Nikimsemesha, ananinyooshea kiganja kama askari wa barabarani, nisubiri kipindi kiishe."

"Huyo si mume," nikasema, "huyo ni stesheni ya redio." Wenzangu wakaangua kicheko.

"Na mkeo wewe anakuvumiliaje?" akauliza fundi makochi.

"Wangu hana neno."

Mama Sufuria akaendelea kusoma: "Mfukoni ana kikopo cha dawa ya macho, kakijaza chumvi. Nikigeuka kuchukua maji, anautibu mchuzi."

Mimi bado nilikuwa nacheka. Rafiki yangu mpaka rangi ndiye aliyeacha kwanza. Akatazama mfuko wa shati langu. Mchana ule ule nilikuwa nimemnyunyizia chumvi kwenye yai lake kwa kikopo kilichokuwa humo.

"Presha ni yake," barua ikaendelea, "lakini anayekula bila chumvi ni mimi. Kila jioni anauliza nimepika nini. Mimi mwenyewe haniulizi habari zangu. Nibaki, au niende kwa dada yangu?"

Safari hii Mama Sufuria hakutania. "Mama, mwambie mwenyewe kwanza, uso kwa uso. Akikusikiliza, baki."

Fundi makochi akaizima spika. Tukasugua mbao mpaka jioni.

Nilipofika nyumbani chakula kilikuwa mezani. Mke wangu akaifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, akakaa.

"Baba watoto, kuna jambo nataka kukwambia."

Nililijua hilo jambo. Nilijua na ninachotakiwa kufanya, maana nilikisikia kwa masikio yangu: kukaa kimya nimsikilize, basi. Nikatoa kikopo nikakibamiza mezani.

"Nimeshasikia. Karakana nzima imesikia. Umenivua nguo mbele ya watu."

Alikitazama kikopo. "Umesikia yote?"

"Yote."

"Na lililokuuma ni lipi?"

"Kuchekwa."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi cherehani aliyemaliza kupima. Akala chakula chake, akaosha sahani yake. Asubuhi dada yake alikuja, wakatoka na mabegi mawili. Mimi nilisimama mlangoni na hasira zangu, nikasema aende tu.

Juzi nimerudi kwa daktari. Amefurahi, uzito umepungua na presha imeshuka, akaniuliza nimefanyaje. Nikahesabu kimoyomoyo nilichopoteza.

Kilo sita. Mke mmoja. Miaka ishirini na mitatu. Watoto wawili, wote ni watu wazima, na wote siku hizi wanampigia yeye.