Aya Mpya ya Msimbazi

Kila Jumamosi mchana Mwanamkuu binti Zahoro, mpiga taipu wa ofisini, alikuwa na kikao chake Gerezani, nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji. Usidhani ni kikao cha nyumba kumi kumi, wala cha harusi. Walikuwa wapiga taipu na wapanga herufi, wamekaa juu ya marobota ya karatasi, wanabishana habari ya alama. Wewe ukitaka neno liwe nene unachora nini? Evarista, aliyekianzisha kikao, alipiga mistari miwili chini ya neno. Kwa Pius, mpanga herufi aliyetoka Songea, mistari miwili maana yake futa. Basi hapo ni ubishi mpaka chai inapoa.

Mwanamkuu alikipenda kikao kile kuliko sikukuu. Ila baba yake, Mzee Zahoro, alikubali shingo upande. "Siku nikisikia la aibu kutoka huko," alimwambia, "hutakwenda tena."

La aibu likaja, tena kwa mkono wa Mwanamkuu mwenyewe. Mzee Zahoro ndiye msimamizi wa maulidi ya mtaa wao wa Msimbazi, akampa binti yake tangazo alipeleke likachapwe kiwandani kwa kina Pius. Mwanamkuu akalipiga taipu vizuri, na pale alipotaka sentensi ya mwisho ianze mstari wake peke yake, akaandika kwa kalamu: aya mpya. Pius, mtoto wa misheni, akaona neno la dini ndani ya tangazo la dini. Yeye ni nani hata alifute? Akalipanga kwa herufi nene.

Kulipokucha, kuta za Kariakoo zinasema: "Maulidi yatasomwa Jumapili baada ya Alasiri. AYA MPYA. Wote mnakaribishwa."

Jamani! Mzee Zahoro alishindwa hata kununua nazi sokoni. "Mzee, nasikia Msimbazi mmeshushiwa aya?" muuzaji alimtania. Akarudi nyumbani kanuna, kofia mkononi.

Pius akaja mbio kujitwisha lawama. Mwanamkuu akamkatalia, akamfuata baba yake barazani. "Shikamoo baba. Maneno yale ni yangu. Ni alama ya kazi tu, hayakuwa ya kuchapwa." Alijua anaziaga Jumamosi zake. Mzee aliitika marahaba, akaivaa kofia yake.

Jumapili watu walifurika mpaka njia ikaziba. Wengine maulidi hawajayahudhuria maishani mwao. Wamekuja kuisikia hiyo aya. Mzee Zahoro akasimama. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, Mwanamkuu akajifunika uso kwa buibui.

"Aya mpya hakuna, wala haitakuwapo," mzee alisema. "Yale ni maneno ya kazi. Mpiga taipu anamwambia mchapaji: hapa pumua, anza mstari mwingine. Kazi hiyo ina wenyewe. Wanakutana Gerezani wapatane alama, yasitokee kama haya. Binti yangu Mwanamkuu ni mmoja wao, na Jumamosi ijayo atakuwapo."

Tangu aanze kazi, baba yake akiulizwa habari zake, jibu lilikuwa moja: "Yupo yupo tu mjini." Leo kamtaja kwa jina na kwa kazi, mbele ya Kariakoo nzima. Wanawake wakageuka kumtazama. Mwanamkuu akalia, akacheka, akapokea sahani ya pilau bila kujua nani kampa.