Mistari Miwili ya Siku ya Saba

Muuguzi alinichoma sindano ya kulifanya yai lipevuke na kutoka, akanionya: "Pima mimba siku ya kumi na nne, si mapema." Nikaitikia kwa adabu zote. Lakini mimi na subira wapi na wapi? Siku ya saba nikajifungia chooni na kijiti cha kupimia mimba, mistari miwili ikajitokeza. Nilipiga ukelele, mume wangu akaja mbio na saruji ya vigae mikononi.

Miaka sita ya kungoja, nani angemzuia? Kabla sijavaa kandambili alishampigia mama yake. Kufikia jioni mawifi zangu wote wawili walikuwa wananiita mama kijacho.

Kesho yake nikaenda kliniki kutamba. Muuguzi hakucheka.

"Dada, sindano ile ina homoni ileile inayotafutwa na kipimo. Ulichosoma ni dawa. Mimba inaweza kuwepo, inaweza isiwepo. Ndiyo maana nilisema ungoje, dawa iishe mwilini."

Loo! Mdomo huponza kichwa, na huu haukuwa hata mdomo wangu! Ningemwambia nini mwanaume yule? Daktari alishasema ile ndiyo sindano ya mwisho, ikishindikana basi. Nikamficha. Cherehani ikaniumbua: nilishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, mteja akaniuliza kama nimelewa. Nikamfokea, maskini wa watu.

Siku ya kumi nikapima kwa siri. Mstari wa pili ulikuwa umefifia. Siku ya kumi na mbili haukuwepo kabisa. Nikakitupa kijiti kwenye ndoo ya taka, nikakifunika kwa vipande vya vitambaa, nikalia nimejiziba mdomo kwa taulo.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, nafungua mlango wa choo, kijiti kipya nimekificha kiganjani, namkuta mume wangu amesimama.

"Nipe," akasema.

"Nikupe nini?"

"Kijiti. Kile cha juzi nilikiona nikimwaga taka. Mama akipiga simu namwambia umelala. Siku mbili hizi umelala usingizi wa mwaka mzima."

Nikamweleza yote kwa kigugumizi: sindano, muuguzi, woga wangu. Nilijua atafoka. Wala hakufoka. Alikuwa anakitazama kijiti mkononi mwangu, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijathubutu kukitazama.

"Mistari miwili," akasema taratibu. "Na hii nayo ni dawa?"

Nikatazama. Nikapeleka kijiti dirishani kwenye mwanga, nikatazama tena.

"Dawa iliisha juzi," nikasema. Nikamgeukia. "Dawa iliisha juzi, mume wangu. Huyu ni mwenyewe."

Akakaa palepale sakafuni, akalia kunishinda mimi.