Kikwembe cha Njano cha Kilibula

Watu wakijua kwamba niliendesha ndege miaka ile, huniuliza kwanza kama ziwa ni zuri ukiliona kutoka juu. Swali hilo limenichosha. Ziwa ni zuri hata ukiwa umesimama ufukweni na miguu ina matope. Huko juu unapewa kitu kingine: unawaona watu wakifanya kazi zao bila kujua kwamba wanatazamwa. Unaona ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimeanikwa mchangani zinang'aa. Unaona mihogo imetandazwa kwenye mawe ya mto Mulongwe, myeupe kabisa, na ng'ombe wa Mulenge wakiwa vidoa tu mlimani. Mgeni haoni cha maana hapo. Mimi nilitambua kila doa kama mtu anavyomtambua shangazi yake kwa mwendo.

Jina langu ni Firmin, mtoto wa Kilibula, hapo Uvira. Nilianza kwa kuosha injini katika kampuni ndogo iliyobeba abiria na mizigo kati ya Bukavu, Uvira na Albertville. Uhuru ulipofika, marubani Wabelgiji wakafunga masanduku yao, na kampuni ikakumbuka ghafla kwamba sisi nasi tuna akili, ikanipeleka shule. Nilirudi na kofia ya urubani. Mama yangu, Pétronille, aliivaa kutwa nzima akipika nayo.

Kila nilipopita juu ya Kilibula kwenda kutua upande wa Kiliba, nilitikisa mabawa. Mama alitoka mbio, akafungua kikwembe chake cha njano, kitenge kile alichokinunua siku za uhuru, akakipunga kwa mikono miwili. Njano ile niliiona hata kabla sijaliona bati la nyumba. Na baba, yeye akiisikia injini, aliingia ndani.

Baba yangu Octave alikuwa fundi wa mitumbwi. Mtumbwi mmoja ulimwangukia zamani ukamvunja mguu, na tangu hapo aliinama upande mmoja kila hatua. Kwetu mtoto haruki miguu ya baba yake aliyeketi. Anazunguka, hata kama njia ni ndefu. Kwa baba, kupita juu ya paa lake nikiwa nimekaa kitini lilikuwa kosa lile lile, tena kubwa zaidi.

"Hata miguu tu ya muzazi hairukwe," aliniambia nilipokwenda likizo. "Weye unapitisha matako yako juu ya kichwa yangu, na kisha unanisalimia!"

Mama alicheka hadi machozi. Akanisimulia kwamba siku moja, ndege ikikaribia, alimnyooshea baba kikwembe: "Papa Firmin, mikono yangu imechoka. Leo pepea weye."

"Unataka batu baseme umekufa?" baba akamjibu, akaingia ndani.

Kwa wazee wa ufuko wetu mwanamume hashiki kikwembe cha mke wake mbele ya watu. Anakishika siku za matanga ya mke huyo tu, akiwa amefiwa. Mama alisimulia akiiga sauti nzito ya baba, kisha akanipigapiga begani. "Umungoje tu. Siku moja atatoka inje, atakuangalia." Sikuamini. Baba alikuwa mkaidi, nami ukaidi wake niliurithi wote.

Mwezi wa tano mwaka wa sitini na nne waasi waliichukua Uvira. Mimi nilikuwa Bukavu na ndege. Barabara ya uwanda wa Ruzizi ikafungwa, na habari za nyumbani zikakatika. Waliokimbia walisema mambo yasiyolingana: huyu anasema Kilibula ni salama, yule anasema imeteketea. Nilikonda kwa wasiwasi. Kisha jeshi likaichukua ndege yetu, na mimi pamoja nayo, kwa kuwa nililijua ziwa.

Kazi ilikuwa kumbeba afisa atafute mahali waasi wanapokusanyika. Akiwaona anasema kwa redio, na ndege mbili za vita zilizotufuata kwa mbali zinakuja kupiga. Sikuulizwa kama ninataka. Niliogopa kukataa, na niliogopa zaidi kwamba kiti changu angekalia mtu asiyejua tofauti ya mihogo na mahema.

Afisa huyo aliitwa liutena Sévère, mtu wa Kasai aliyekulia Katanga. Hakuwa mkorofi. Alitapika tulipoingia kwenye upepo wa milima, akaomba radhi, akafuta mdomo kwa leso safi.

"Ile nyeupe pale kwenye mto," akauliza, "ni mahema?"

"Ni mihogo, liutena. Wanaianika."

"Na ile yenye kung'aa?"

"Ndagala."

"Na wale watu wote ndani ya maji?"

"Akina mama wanafua."

Akanigeukia. "Firmin, kwako kila kitu ni chakula na nguo. Waasi wako wapi? Ao nao ni ndagala?"

Alicheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa ameanza kunishuku.

Waasi walikuwapo. Tuliliona lori lao barabarani upande wa Kavimvira, na walipoisikia injini yetu waliruka chini, wakatawanyika migombani. Sévère akasema kwa redio. Baada ya muda mfupi nilisikia kishindo nyuma yetu. Sikugeuka kuangalia. Nao walikuwa watoto wa watu, na mpaka leo sijui niwaweke wapi moyoni mwangu.

Tukafika juu ya Kilibula. Sikutikisa mabawa. Siku zile mtu akionekana anaipungia ndege, waasi wangemwita mpelelezi na kumuua. Nilitaka niione nyumba tu, basi. Lakini uani kwetu palikuwa pamejaa watu, na moshi ulipanda katikati yao.

Sévère aliwaona pamoja nami. Akakichukua kipaza sauti cha redio.

"Hawa ni wengi," akasema. "Na usiniambie ni mihogo."

"Ni matanga."

"Nini?"

"Kuna aliyekufa. Wamewasha moto na jua lote hili, na wanaume wamekaa chini wameuzunguka. Moto wa matanga hauachwi uzimike. Angalia, hawakimbii! Wale wa lori walikimbia. Hawa wanatusikia na hawainuki."

"Pengine ni waasi wasiokuwa na woga. Unajua namna gani?"

"Ile ni nyumba ya kwetu."

Nilikwisha kusema ndipo nami nikayasikia maneno yangu. Mpaka hapo nilikuwa nikipigania watu wasipigwe. Sasa nikajiuliza ni nani aliyelala mle ndani. Dada yangu Agathe, aliyekuwa mjamzito? Baba?

Sévère hakunifokea. "Umeniambia samaki, nimekubali. Umeniambia nguo, nimekubali. Sasa tumefika kwenu, unaniambia kilio. Kama ungekuwa mimi, ungekubali?"

Nisingekubali. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Nipe mzunguko mmoja," nikamwomba. "Mama yangu akiniona natikisa mabawa, anatoka na kikwembe cha njano. Hajakosa hata siku moja. Ukimwona utajua ni nyumba ya watu, si kambi."

Aliangalia chini, akaangalia nyuma zilikokuwa zile ndege mbili.

"Mmoja," akasema. Kipaza sauti hakukiacha.

Nilishuka mpaka nikaiona ndoo iliyokuwa kando ya mlango. Nikatikisa mabawa, kulia, kushoto, kama siku zote. Watu waliinua nyuso. Hakuna aliyesimama. Mlango ulikuwa wazi, na hakutoka mtu. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Toka, mama. Toka, tafadhali." Hata kama kupunga kungemletea hatari, bado nilitaka atoke. Uani palikuwa na majirani wote walionilea.

Bati likapita chini yetu, ziwa likaja mbele.

"Hatoki, Firmin." Sévère alikipeleka kipaza sauti mdomoni.

"Ngoja nigeuke! Mzunguko haujaisha!"

Nililaza ndege kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa. Bawa liliposhuka upande wa nyumba, nikamwona mtu akitoka mlangoni. Alipita katikati ya watu waliokaa, akiinama upande mmoja kila hatua. Alipofika karibu na moto alisimama, akakiinua kikwembe cha njano kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Hakukipunga. Alikishika tu, kimefunguka chote, mbele ya watu wote, na uso wake ulikuwa umeelekea juu. Baba yangu alikuwa ananiangalia.

Hakuwa na njia nyingine ya kuniletea habari. Angeweza kuuawa kwa ajili ya kitambaa kile, na alitoka nacho. Mama alikuwa amekufa. Nilijua hapo hapo, nikiwa na usukani mkononi, na sikuwa na ruhusa ya kulia.

"Ni yeye?" Sévère akauliza, akikaza macho kwenye ile njano. "Ni mama yako?"

Nilikuwa nimemwahidi Sévère kwamba atakayetoka ni mama. Kama ningemwambia kwamba yule ni mzee mwanamume, angeona nimeongeza uongo mwingine juu ya ule wa samaki na mihogo, na kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe cha kipaza sauti.

"Ni yeye," nikasema. "Ni mama."

Alipumua. Akaziambia ndege za vita kwamba Kilibula hakuna kitu, ni kilio cha raia, zirudi. Kisha akakitundika kipaza sauti mahali pake.

Njia yetu ya kurudi ilipita sawasawa juu ya nyumba. Sikuifuata. Nilizunguka kwa upande wa maji, mbali na paa, kama mtoto anavyozunguka miguu ya baba yake aliyeketi. Baba aligeuka polepole akitufuata kwa uso, kikwembe kikiwa bado juu, mpaka sikuiona njano tena.

"Mama wa nguvu," Sévère akasema tulipoingia juu ya uwanda wa Ruzizi. "Wangu alikufa nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki. Wewe una bahati, Firmin."

Machozi yalikuwa yamenishinda, nikawa siioni saa ya kupimia mwinuko mbele yangu. Akanipa leso yake. Akasema nisione haya, hata yeye angelia kwa furaha.

Nikaipokea, nikamshukuru.