Kijerumani cha Mama Mkwe

Mtu akikuambia Kijerumani ni kigumu, mkubalie, usibishane naye. Mimi nilikianza nikiwa na miaka thelathini na nne, maktabani hapa Mwanza, kwa kitabu kilichochanwa kurasa kumi na moja na mtu ambaye mpaka leo sijamsamehe.

Naitwa Jairo Odoyo, Mkenya, Mjaluo wa Mbita. Mwanza nilikuja kutengeneza injini za boti, nikakaa, nikaoa. Mwaka wa saba huu nipo nchi ya watu, na bado nikiagiza soda dukani wananicheka kwamba Mkenya anaamrisha. Mke wangu Selina, Msukuma wa Pasiansi, ni muuguzi. Mwaka juzi alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Erfurt, Ujerumani, akaondoka na ujauzito ambao wote wawili hatukuujua. Odeta akazaliwa huko. Nilipoanza kusoma alikuwa na miezi mitano, na mimi baba yake nilikuwa namjua kwa kioo cha simu tu.

Ili nipate viza ya kumfuata mke, nilitakiwa niwe na cheti cha Kijerumani, ngazi ya kwanza kabisa. Selina alisema hata mtoto anafaulu. Mwezi wa tatu nikaenda Dar kwenye mtihani, nikafeli. Kusoma na kuandika nilijitahidi, kusikiliza na kuongea ndiko kulikonimaliza. Ningeongea na nani? Maktabani hairuhusiwi hata kukohoa vizuri. Maneno yote nilikuwa nimeyaweka machoni, na siku ya mtihani yakagoma kushuka mdomoni.

Nilirudi nikiwa na hasira na kila mtu. Mkutubi, anaitwa Chenge, akanivumilia wiki nzima jinsi nilivyokuwa nabamiza viti, mwisho akaja kuninong'oneza.

"Kaka, kuna mama anakijua hicho Kijerumani. Anakuja Jumanne na Alhamisi kusoma magazeti, pale nyuma ya vitabu vya kilimo, na leo yupo. Alisoma huko zamani, enzi zile Ujerumani zikiwa mbili."

Nilienda mbio kama niliyeitiwa chakula. Nikazunguka rafu, nikaona kilemba cha kitenge, nikaona miwani, nikarudi kinyumenyume mpaka nikaangusha kiti. Alikuwa mama mkwe wangu.

Asiyejua mila zetu atacheka, na acheke. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, hukai naye meza moja, na jina lake halitoki mdomoni mwako. Kwa Wasukuma, angalau hawa niliooa kwao, mambo hayako mbali na hapo. Tangu nimuoe Selina, salamu zangu kwa mama yake zilipitia kwa mtu mwingine, na tukikutana njiani mmoja wetu alichepuka. Kanisani yeye alisali ibada ya kwanza, mimi ya pili, na hakuna aliyewahi kutupangia. Nilijua kwamba aliwahi kusoma ng'ambo, lakini nilidhani ni Urusi. Selina alijua ukweli, ila haikumpitia kichwani kwamba mkwe anaweza kufundishwa na mama mkwe. Hata mimi isingenipitia.

Jumanne iliyofuata Chenge akaniletea kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa watu wa zamani, uliolala upande mmoja, na hakikuwa na jina la mtu. *Alhamisi saa nne. Yeye akae upande wa huku wa rafu, mimi upande wa kule. Asinichungulie. Aje na kitabu.*

Tukawa hivyo miezi minne. Mimi nimekabili vitabu vya ufugaji wa nyuki, yeye amekabili magonjwa ya pamba, na katikati yetu mbao na vumbi. Chenge aliwaomba wasomaji wengine watuvumilie, nao wakatuvumilia, ila kuna mzee mmoja aliyekuwa anasogeza kiti kila Alhamisi ili atusikilize vizuri.

Somo la kwanza lilitushinda palepale. Kitabu kilitaka tuulizane majina. Nitamuulizaje jina mama aliyenizalia mke?

"Nikiwa hapa mimi ni Frau Schulze," sauti ikatoka ndani ya pamba. "Bibi Schulze. Huyo unaweza kumuuliza chochote."

Na kweli nikamuuliza. Nilimuuliza Frau Schulze anakunywa nini asubuhi, anaishi wapi, ana watoto wangapi, mambo ambayo Jairo asingethubutu. Mwanzoni niliona aibu kumsalimu, maana Kijerumani hakina shikamoo, unamwambia mtu mzima "siku njema" kama unamsalimu rika lako. Alikuwa mkali. Nikikosea aligonga rafu kwa pete yake na kusema "rudia", na nikirudia vibaya aligonga tena, mpaka siku moja kitabu cha mizinga kikaniangukia kichwani. Hakuomba msamaha. Mimi nami sikulalamika, ingawa nilitaka.

Mwezi wa nane nikarudi Dar. Nilijua nikifeli safari hii Odeta atanikuta kwenye simu mpaka aanze kutembea, na Selina alikuwa ameshaanza kukaa kimya katikati ya maongezi yetu. Sehemu ya kuongea tuliingia watu wanne. Mtahini alikuwa mama mwenye mvi na miwani. Akanitazama usoni, akatabasamu, akanisubiri.

Maneno yakapotea yote. Miezi minne nilikuwa nimeongea na vitabu vya nyuki. Sikuwahi kutamka sentensi hata moja nikiwa natazamwa na mama wa umri ule. Nikainamisha kichwa. Nikaona kalamu yake inasogea kwenye karatasi, na nikamwona mwanangu naye anasogea mbali nami.

Basi nikasema, kwa Kijerumani, nikiwa naangalia viatu vyangu: "Tafadhali, naweza kugeuza kiti?"

"Kwa nini?" akauliza.

"Mwalimu wangu ni mama mkwe wangu. Mimi simwangalii."

Mtahini mwenzake, kijana wa Dar, akaziba mdomo kwa mkono. Yule mama hakucheka. Aliniambia nigeuze. Nikageuza kiti nikakabili ukuta, na Kijerumani kikatoka chote: naishi wapi, nafanya kazi gani, naomba maji, samahani dirisha lifungwe. Nilipotoka sikujua kama nimefaulu au nimeandikwa mwendawazimu.

Majibu yalikuja Alhamisi, wiki mbili baadaye, kwenye simu, nikiwa nimekaa mahali pangu pale maktabani. Niliyasoma mara nne.

"Nimefaulu," nikaiambia rafu, kwa Kiswahili, maana Kijerumani chote kilikuwa kimenitoka.

Upande wa pili nikasikia gazeti linaanguka, na mtu anapenga kamasi.

"Mkwe," akasema. Neno hilo hakuwahi kuniita. "Mimi nilikuwa na mume kabla ya baba yake Selina. Nikaenda huko kusoma, yeye akabaki hapa. Alinisubiri mwaka mmoja, akachoka. Uliposhindwa ule mtihani wa kwanza nikasema, na huyu naye atafunga mizigo arudi kwao Mbita, na binti yangu atapata barua kama niliyopata mimi. Ndiyo sababu nilikuita. Nilikuwa nakushikilia usiondoke."

Nilikuwa nalia, sifichi. Mzigo wa miezi yote ile ulinitoka kifuani mpaka nikaona nimekuwa mwepesi, na Chenge akasimama mbali akijifanya anapanga kadi.

"Sijaondoka, mama," nikasema.

"Najua," akasema. "Haya, sasa ondoka. Mwanao anakusubiri."