Tone Moja Kwenye Chupa ya Ini

Jengo zima la maabara lilimwita Bi Elfu Mbili, na yeye alijifanya anakereka. Kukereka gani! Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alifungua kompyuta kuangalia makala yake ya seli za saratani ya ini imenukuliwa mara ngapi na watafiti wenzake duniani. Ilikuwa imepita elfu mbili mia moja. Wengine mle ndani hata mia hawajaiona, na aliwakumbuka kimoyomoyo kila alipopishana nao kwenye korido.

Makala yenyewe ilisema hivi: zima protini fulani, na seli za saratani ya ini zinakufa. Miaka kumi na miwili baadaye ikazaa dawa, dawa ikaingia kwenye majaribio hospitalini. Mdogo wake wa kike, aliyekutwa na uvimbe kwenye ini, akaambiwa achague: apasuliwe sasa, au aanze na vidonge vya majaribio ndipo apasuliwe. Akampigia dada yake simu.

"Chukua vidonge," Bi Elfu Mbili alimjibu papo hapo. "Hiyo kazi nimeianza mimi mwenyewe."

Mwezi wa tatu wa vidonge, fundi wa maabara aliingia ofisini kwake na karatasi, akafunga mlango. Walikuwa wanaandaa makala mpya, na jarida lilitaka seli zao zipimwe vinasaba, kuthibitisha kwamba ni zile wanazozitaja.

"Mama, hizi si za ini," alisema fundi. "Ni za mlango wa kizazi. Zile tulizokuwa tukizitumia zamani, zinazoota kama magugu."

"Umechanganya chupa."

"Nimerudia mara tatu."

"Basi katoe ya zamani kabisa kwenye mtungi wa baridi, ya mwaka wa makala yangu. Ipime hiyo."

Fundi akaitoa, akaipima. Majibu yakarudi yaleyale.

Akavuta kiti, akakaa. Alikumbuka vizuri mno. Mwaka ule alikuwa mbioni kuchapisha, kuna maabara nyingine ilikuwa inamkaribia, akafungua aina mbili za seli kwenye kabati moja na kuzilisha zote kutoka chupa moja ya lishe. Jambo alilowakaripia wanafunzi wake miaka nenda miaka rudi! Tone moja tu la pipeti, ule mrija wa kunyonyea, likaingia chupa ya ini, na zile zenye pupa za mlango wa kizazi zikazimaliza za ini. Alichokiua yeye, akakipigia tarumbeta dunia nzima, hakikuwa ini hata kidogo.

Mkuu wa idara alimsikiliza huku akijikuna kidevu. "Kamati ya uprofesa wako inakaa wiki ijayo," alisema. "Nyamaza kidogo, mwenzangu. Ikishapita, utaandika unachotaka."

"Mdogo wangu anavimeza hivyo vidonge, bwana mkubwa."

Mkuu akamtajia tena siku ya kikao.

Alikwenda wodini mchana huohuo. Mdogo wake alikuwa ameegemea mto, macho ya njano, na utani ukatangulia salamu: "Haya, bingwa wa vidonge kaja! Umeniwashia taa machoni."

Akamwambia yote, hakuzunguka. Mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miezi mitatu nimetibiwa ugonjwa wa mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na upasuaji je?"

Daktari wa majaribio alikuwa mlangoni na faili, amesikia kila kitu. Akajibu yeye: uvimbe umeshaingia kwenye mshipa mkubwa, haupasuliki tena.

"Dada," mdogo alisema, "mimi fomu yao sikuisoma hata ukurasa mmoja. Niliona jina lako, nikasaini."

Bi Elfu Mbili alilia palepale, mtu mzima, mbele ya daktari. Kisha akarudi ofisini, akaliandikia jarida liifute makala, akaondoa ombi lake la uprofesa. Mdogo wake alizikwa baada ya wiki saba.

Makala ikapigwa mhuri mwekundu: IMEFUTWA. Ungedhani yameisha. Thubutu! Hesabu iliendelea kupanda, maana watu hunakili orodha ya marejeo kutoka kwa wenzao bila kufungua hata moja. Akawa anawaandikia mmojammoja: tafadhali msiitumie, kosa ni langu. Wengi hawakujibu. Mmoja alimshukuru sana, akasema lakini ameshachapisha.

Mwaka ulipogeuka, asubuhi moja alifungua kompyuta, koti bado mwilini. Nukuu mpya ilikuwa ya daktari wa majaribio, yuleyule wa mlangoni, aliyesikia kwa masikio yake mawili! Kwenye jedwali la wagonjwa, namba kumi na moja: mwanamke, miaka arobaini na sita, amefariki. Rejeo la kwanza kabisa lilikuwa makala ya Bi Elfu Mbili, bila neno lolote kwamba ilifutwa.

Alivuta kibodi aandike barua kama zile nyingine. "Namba kumi na moja ni mdogo wangu," aliandika, akashindwa kuendelea. Juu ya skrini hesabu ilionyesha elfu mbili mia mbili na saba.