Kitambaa Cheupe cha Mwenyekiti

Zabron, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya mtaa wao pale Mikumi, aliishi hatua mia mbili kutoka ukumbi wa mikutano, na miguu yake haikuwahi kuzijua hatua hizo. Mwenyekiti afike kwa miguu kama muuza karanga? Alikuwa akipanda pikapu yake, anaikimbiza juu ya kipande cha lami alichokipigania mpaka kikafika getini kwake, kisha anakanyaga breki ghafla, tairi zilie, watu wajue kafika.

Uchaguzi wa kamati ulipokaribia, mtaalamu kutoka Kilosa aliwaeleza wakazi kwamba tairi likisagika haliendi peponi: unga wake huruka, huingia vifuani, na mvua huusomba hadi mashambani. Akampa Zabron kitambaa cheupe akitundike wiki nzima penye matuta ya barabara kuu, malori yanapofunga breki, kinase unga huo. Zabron alifurahi kweli. Angewatia aibu madereva wa malori yaendayo Zambia, na kiti kingebaki chake. Ila matutani kuna mbuzi, na mbuzi hawaheshimu utafiti. Akakitundika getini kwake, mahali salama.

Siku ya mkutano wa uchaguzi alikiinua mbele ya watu. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Akasema hayo ndiyo madhara ya malori, na vita hivyo vinataka jemadari mzoefu. Watu wakapiga makofi.

Bibi Naomi, mwenye bustani ya mchicha kando ya ile lami, alisimama. Zabron akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaulizwa kitambaa kilitundikwa wapi.

“Getini kwangu, bibi. Mbuzi wasikile.”

“Na gari gani jingine hupita pale, mwanangu?”

Zabron aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Bibi Naomi hakumcheka. Alisema mchicha wake anauosha maji matatu na bado yanatoka meusi, lakini binadamu hukosea.

“Leo rudi kwako kwa miguu. Ukifika, tunakuchagua tena.”

Uenyekiti ulikuwa hatua mia mbili tu. Zabron alitoka nje, akaiangalia njia, akawaangalia watu waliojazana madirishani kumwona mwenyekiti akitembea. Akapanda pikapu.

Alipofika getini breki zililia kama kawaida. Kule ukumbini wote wakazisikia, wakanyoosha mikono kumchagua Bibi Naomi.