Koki ya Uzinduzi

"Hii koki inaungwa na bomba lipi?" Bi Spana aliuliza. Alikuwa amelala chali kwenye sakafu mpya ya saruji, pembeni ya uwanja wa mtaa wao, kichwa kimezama chini ya beseni la kunawia, miguu imebaki nje inapigwa na jua.

Juu yake alisimama Mratibu wa mradi, mwanamume mnene mwenye fulana ya shirika na miwani ya jua aliyoipandisha utosini. Hakujisumbua kuinama. "Haiungwi na bomba, mama. Inaungwa na tangi."

"Tangi lipi?"

"Linakuja mchana huu. Tunaliweka nyuma ya ukuta, tunatundika bango mbele yake, boza linakuja kulijaza. Kesho mgeni rasmi anafungua koki, maji yanatoka, watu wanapiga picha. Basi."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa tunaingia awamu ya pili."

"Ndiyo ya kuvuta bomba?"

"Ndiyo ya semina," Mratibu alisema. "Kuhamasisha jamii kunawa mikono."

Kule chini mabega ya Bi Spana yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka spana ikamponyoka ikagonga saruji. Mratibu alishusha miwani machoni akaenda zake kusimamia mahema.

Jina la Bi Spana alilipata mtaani baada ya mumewe kufariki. Mume ndiye aliyekuwa fundi bomba. Alipozikwa, ndugu walikuja kugawana vitu, wakachukua redio, wakachukua kitanda, sanduku la vifaa wakaliacha kwa sababu lilikuwa zito na lilinuka kutu. Mjane akalibeba. Mwanzoni watu walimwita kwa kazi ndogondogo na kwa kumwonea huruma, huku wanaume wakisimama mlangoni kumtazama kama anayetazama mchezo wa sarakasi. Baadaye walikoma kutazama. Alikuwa akiifunga koki inafungika, na mtu mwenye koki inayofungika hana muda wa kushangaa.

Lakini katika mtaa wake mwenyewe hakuwa na kazi. Mtaa ule haukuwa na bomba. Bomba kubwa lilipita chini ya barabara ya lami, hapo mwisho wa mtaa, karibu kiasi kwamba usiku magari yakiisha kupita ungeweza kuweka sikio chini ukasikia maji yakienda kwa watu wengine. Wakazi waliomba wavutiwe tawi. Waliomba kwa adabu, wakaomba kwa hasira, wakapeleka wazee, wakapeleka wajawazito. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: fungu hakuna. Wanawake wakaendelea kushuka bondeni na ndoo na kupanda nazo kichwani, shingo zikikazana.

Ndipo likaja shirika. Lilijiita lisilo la kiserikali, ingawa hata sabuni ya chooni mwao ilinunuliwa na serikali. Kumbe fungu lilikuwapo. Shirika lilijenga ofisi yenye vioo, likanunua magari meupe, likaajiri afisa uhamasishaji, afisa ufuatiliaji, mshauri elekezi, na msaidizi wa mshauri elekezi, ambaye alikuwa shemeji yake Mratibu na hakuna aliyewahi kumwona akisaidia. Mtaani watu walisema kwa uchungu kwamba shirika lina maofisa wengi wa maji kuliko maji yenyewe.

Na Bi Spana aliyasikia hayo kimya, kwa kuwa afisa uhamasishaji alikuwa binti yake.

Jioni ile aliporudi alimkuta binti anapiga pasi fulana yake ya kesho.

"Shikamoo mama. Mmemaliza?"

"Marahaba. Nimemaliza." Bi Spana aliketi kwenye kigoda, akanyoosha goti lake bovu. "Koki nimeifunga vizuri. Ningekuwa naifunga kwenye bomba ningefurahi."

Binti aliendelea kupiga pasi, akirudiarudia kola ambayo ilikuwa imenyooka tangu zamani.

"Wewe ulijua," mama alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama. Unataka niseme nini?" Aliiweka pasi wima. "Nimemaliza chuo nikakaa barazani mpaka majirani wakazoea kuniona pale kama chungu cha maua. Ofisi zote nilizopiga hodi waliniuliza nimetumwa na nani. Hawa peke yao hawakuniuliza. Sasa niwaambie kwamba kazi yenu ni upuuzi, nirudi barazani?"

"Mimi sijakwambia urudi barazani."

"Basi kesho usiseme kitu. Nakujua wewe. Nimekuombea hii kazi mimi mwenyewe, nimekusifia mbele ya watu. Tafadhali."

"Mwanangu, ile fedha si ya Mratibu. Dobi hapa jirani akinunua sabuni anakatwa kodi. Muuza mkaa akinunua kiberiti anakatwa. Wanakatwa ili wahamasishwe kunawa, na maji hawana. Wewe huoni kwamba wanatukanwa?"

"Na dawa za goti lako zinalipwa na nani?" binti alisema.

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima, na likishatoka likakaa hapo chumbani katikati yao. Bi Spana alilitazama goti lake. Aliinuka taratibu, akaenda kunawa mikono kwa kata, maji kidogo, kama walivyozoea.

"Kweli," alisema kutoka kule uani. "Zinalipwa na dobi."

Asubuhi alifika uwanjani mapema, kwa kuwa Mratibu alimtaka akague kama kuna mahali panapovuja. Hapakuwa na panapovuja. Mahema yalikuwa yamesimama, meupe, yenye mapindo ya buluu, na viti vya mgeni rasmi vilivikwa vitambaa kama maharusi. Nyuma ya ukuta lilikaa tangi, limejaa mpaka shingoni, na mbele yake bango kubwa lenye picha ya mtoto anayecheka chini ya maji yanayobubujika. Mtoto huyo hakuwa wa mtaa ule.

Dobi alipita na ndoo zake mbili tupu. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyeupe kwa sabuni, anafua nguo za watu na maji anayobeba mwenyewe. Alisimama akaitazama koki inavyong'aa.

"Dada, hiyo inatoka?"

Bi Spana alitaka kusema: subiri sherehe iishe. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akaziona ndoo, akaona na mshipa uliosimama shingoni mwa dobi kwa miaka ya kupanda kilima kile.

"Inatoka," alisema. "Leta ndoo."

Alifungua koki mwenyewe. Maji yaligonga sehemu ya chini ya ndoo kwa kishindo, kisha sauti ikalainika kadiri ndoo ilivyojaa.

"Kawaite wenzako," alimwambia dobi. "Usipige kelele. Waambie waje na kila kinachoshika maji."

Walikuja. Walikuja na ndoo, na madumu, na masufuria, na beseni la kuogeshea mtoto. Muuza mkaa alikuja na pipa kwenye toroli, uso mweusi, meno nje. Mama mmoja mjamzito alisogezwa mbele bila mtu kuamrisha. Hakuna aliyesukumana. Walinong'ona na kucheka kimyakimya kama watoto wanaoiba sukari, ingawa kilichokuwa mle ndooni walikuwa wamekilipia zaidi ya mara moja.

Bi Spana alipoinua macho alimwona binti yake ng'ambo ya uwanja, ndani ya hema, kiti mkononi. Alikuwa ameiona foleni yote. Ameona mama yake ameishika koki. Ilimtosha kupaza sauti mara moja tu, na Mratibu, aliyekuwa nje ya geti, nyuma ya mahema, akipanga walinzi wa magari, angekuja mbio.

Walitazamana. Kisha binti alikiweka kile kiti chini, akageuka upande wa pili, akaanza kupanga safu ya nyuma.

Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakata. Bi Spana akaifunga koki na kuipangusa kwa kitambaa ili ing'ae.

Mgeni rasmi alifika amechelewa, na hotuba zikachelewa zaidi. Alizungumza Mratibu, akazungumza mshauri elekezi. Hata msaidizi wake alionekana siku hiyo. Jua lilipanda. Maneno "jamii" na "endelevu" yalipita juu ya vichwa vya watu kama ndege wanaoelekea kwingine. Hatimaye mgeni rasmi, mama mtu mzima mwenye kilemba kikubwa, alikwenda kwenye beseni. Kamera zikainuliwa. Akakunja mkono wa nguo, akatabasamu, akafungua koki.

Koki ilikohoa. Ikatoa tone moja, ikapumua hewa, ikanyamaza.

Alizungusha tena. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limebaki peke yake usoni.

"Fundi!" Mratibu alifoka. "Fundi yuko wapi?"

"Nipo hapa," Bi Spana alisema, akasogea akichechemea. "Koki ni nzima. Maji ndiyo hakuna."

"Hayawezi kukosekana! Tangi tumelijaza jana!"

Aliposema hivyo alitambua alichokisema, akafumba mdomo. Mgeni rasmi aligeuka polepole. "Tangi gani?"

Muuza mkaa akaenda kwenye bango, akashika pindo lake kwa vidole vyake vyeusi, akalivuta pembeni kwa heshima kama anayemfungulia mgeni pazia. Tangi likaonekana limekaa pale, kubwa, tupu. Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika uwanja mzima kama moto kwenye nyasi kavu.

"Jambo hili litachunguzwa," mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. "Tutaunda kamati."

"Kamati tunazo!" dobi alipaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kusikika hadharani. "Maji ndiyo hatuna!"

Bi Spana hakushika kipaza sauti. Hakukihitaji. "Mheshimiwa," alisema, "bomba lile pale, chini ya lami, penye ile nguzo ya barabarani. Mtoto akirusha jiwe linafika. Mlituambia fungu hakuna. Haya mahema ni fungu gani? Yale magari ni fungu gani? Mnatuvalisha fulana mnatufundisha kunawa, kana kwamba sisi ni wachafu kwa kupenda. Ni fedha zetu. Mkizila, kuleni, lakini msituite tuje kupiga makofi."

Watu hawakupiga makofi. Walianza kuondoka, mmoja mmoja, wakipita katikati ya viti vilivyovikwa vitambaa, mpaka mgeni rasmi akabaki na maofisa wake.

Binti alirudi nyumbani alasiri. Alikaa kitandani, hakuvua viatu.

"Wamesema nisiende kesho. Watanipigia simu."

"Umenichukia?" mama aliuliza.

"Sijui." Alifikiri. "Muda wote nilipokuwa napanga vile viti, nilikuwa naomba tangi lisiishe kabla muuza mkaa hajajaza pipa lake. Halafu nikajiuliza, sasa mimi naomba nini?" Akafunika uso kwa viganja. Bi Spana hakujua kama analia au anacheka, akakaa karibu yake, bega kwa bega, mpaka akatulia.

Kesho yake Bi Spana alishika sururu. Hakuitisha mkutano. Alisimama pale kwenye beseni, akanyoosha kamba mpaka kwenye nguzo, akaanza kuchimba. Dobi akaja na jembe. Muuza mkaa akaja na koleo lake. Jua lilipokuwa linachoma, mtaro ulikuwa umefika magotini na wachimbaji walikuwa wamepangana urefu wote wa mtaa.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita aliuliza kama wana kibali.

"Hatuna," Bi Spana alisema. "Waje watukute. Watuambie fungu hakuna huku tumesimama ndani ya mtaro."

Binti alitokea nyumbani, bado na kanga ya kulalia. Alisimama ukingoni, akatazama ule mstari wa migongo inayoinama na kuinuka. Simu ikaita mkononi mwake. Akatazama nani anapiga: ofisi. Mama yake alisita, sururu hewani.

Simu iliendelea kuita. Binti aliiweka juu ya rundo la udongo, kioo juu, akashuka mtaroni na kunyoosha mkono aombe jembe, na udongo mbichi ukaendelea kurushwa ukiangukia huku na huku pembeni ya ule mlio.